Mifupa ya Misisi Inaomba Radhi

Kwa Mheshimiwa Mwenye Muhuri wa Vibali vya Kazi za Afya,
popote ulipo katika Jimbo la Kivu Kusini.

Mheshimiwa,

Sisi wajumbe wa CODESA, kamati ya wananchi inayokisaidia kituo cha afya cha Misisi, sekta ya Ngandja, teritwari ya Fizi, tuliketi Jumapili baada ya ibada tukakubaliana kwa kauli moja kukuomba radhi. Mifupa ya watu wetu imeendelea kuvunjika bila idhini ya ofisi yako. Tuliisihi ingoje. Tuliieleza kwamba dosie ya kijana anayewanyoosha wagonjwa viungo iko njiani, na kwamba mfupa wenye adabu husubiri muhuri. Haikusikia. Shimo la wachimbaji likaporomoka, dereva wa pikipiki akavaana na ng'ombe, mapaja na nyonga vikakatika kama mwaka jana.

Kijana mwenyewe hatumtaji jina, ameogopa vya kutosha. Alijifunza kazi kwa miaka kadhaa chini ya kine mwenye diploma, mtaalamu hasa wa mazoezi ya viungo, katika hospitali iliyokuwa ikiendeshwa kwa pesa za wafadhili. Wafadhili walipofunga virago, kine naye akaondoka, na kijana akarudi kwao na cheti cha mafunzo chenye nembo ya rangi tatu. Mtaani wanamwita "kine". Yeye hukataa kila siku: mimi ni msaidizi tu. Huo ndio unyenyekevu uliomponza, kwa maana angejiita daktari nadhani angekwisha kufungua zahanati na hakuna ambaye angemsumbua.

Ukipenda kuliona kosa lake kwa macho, njoo asubuhi uani pa kituo. Utakuta mianzi miwili mirefu imefungwa sambamba juu ya vigingi, usawa wa kiuno, na kati yake mzee mchimbaji wa machimbo ya Akyanga anajifunza kutembea kwa mara ya pili maishani. Mfupa wake wa paja ulikaa ndani ya plasta majuma mengi. Umeunga vizuri, ila goti limekakamaa na paja limekonda hadi kutoshana na mkono. Kijana anaketi kwenye kigoda, mkono mmoja chini ya kisigino, mwingine juu kidogo ya goti, anakunja polepole mpaka mzee anatukana kwa Kibembe. Anashikilia hapo, anahesabu, anaachia. Kisha anamfunga kifundoni bidoni ya mafuta ya lita tano iliyojaa mchanga, ainue mguu nayo. Hiyo bidoni, Mheshimiwa, ndiyo mtambo unaofanya kazi Misisi bila kibali.

Pembeni amekaa mama na mtoto wa kiume. Mtoto alipata malaria, muuza dawa wa barabarani akamchoma kwinini takoni, sindano ikaupata mshipa mkubwa wa fahamu unaoteremka mguuni. Tangu siku ile unyayo unaning'inia, naye anauburuta. Kijana wetu alikata kipande cha plastiki, akakipasha moto, akakikunja kifuate kisigino na wayo, akatandika kitambaa ndani. Mtoto hufungwa nacho usiku ili mguu usije ukakakamaa ukitazama chini. Muuza dawa hakuulizwa karatasi hata siku moja. Duka lake lingali wazi, na biashara, Mungu asifiwe, inakwenda.

Asije mtu akasema kwamba Serikali imetunyima karatasi. Sheria ya Madini ya 2002, ile iliyorekebishwa 2018, inamtaka mchimbaji mdogo awe na kadi, na kadi hiyo hufa baada ya mwaka mmoja, anunue nyingine. Ukienda mashimoni utamkuta wa kadi, utamkuta wa kodi, wa SAEMAPE, idara ya Serikali ya wachimbaji wadogo, wa chifu, wa kizuizi cha barabarani, na yule ambaye hatujapata kujua ni wa nini ila ana bunduki. Kuvunjika mguu kihalali kumerahisishwa sana: kila hatua ya kushukia shimoni ina mtu wa kuidai. Kutembea tena ndiko kulikokosa ofisi.

Dosie tuliituma. Kijana alitafuta fotokopi ya kadi ya mpiga kura, picha za pasipoti, cheti cha kuzaliwa na cheti cha tabia njema, ambacho mtoaji wake alimdai kwanza "maharagwe ya watoto", yaani hongo, ili tabia iwe njema kweli. Akatafuta pia cheti cha uzima wa mwili, chenye kuthibitisha kwamba mikono na miguu yake inakunjika inavyopaswa. Hapo tulifurahi. Tulijua sasa kwamba ofisi inathamini goti linalokunjika, angalau la mwombaji.

Jibu lilikuja kwa mdomo, kupitia mtu aliyemsikia mtu: ngazi yake haipo. Muuguzi anatoka ITM, shule ya sekondari ya afya, akiwa ngazi ya A2, tunamfahamu. Mwenye kumaliza ISTM, chuo cha juu cha afya, ni A1, huyo naye tunamfahamu na tunamheshimu, tatizo ni kwamba hatujamwona Misisi. Kine kamili husomea juu huko, Kinshasa kwa mfano, na akishafuzu hana sababu ya kuja kulala kwenye nyumba ya mbao kwa mshahara ambao labda utalipwa siku atakapopata matrikule, namba ya mtumishi wa Serikali. Msaidizi yuko katikati, mahali ambapo fomu yako ina mstari mtupu. Tukaambiwa aanze upya.

Tulipomshauri kijana aende ofisini mwenyewe kujieleza, muhuri ukakimbia. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, makao makuu ya jimbo, serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Desemba ya mwaka huohuo vita vikaifikia Uvira nayo. Hatukucheki kwa hilo. Sisi watu wa Fizi kukimbia tunakujua tangu vita vya 1996, wengine wetu walivuka Ziwa Tanganyika wakafika kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, na wamezikwa huko. Tunachoomba ni kwamba muhuri ukikimbia, utuachie anwani, kama wakimbizi wengine wanavyofanya.

Na kwa kuwa nimeitaja Nyarugusu: kuna ndugu zetu waliotoka kambini wakapelekwa Marekani. Huko kazi ya msaidizi wa kine ina jina, ina shule ya kama miaka miwili, halafu ina mtihani mmoja wa taifa zima. Mtahiniwa anakaa mbele ya kompyuta. Akipata alama 600, katika kipimo kinachoanzia 200 na kuishia 800, amefaulu, na jimbo analoishi linampa leseni ya kufanya kazi chini ya uangalizi wa kine. Maana yake binti wa Kibembe aliyezaliwa kwenye hema ana njia fupi ya kulikunja goti la mzungu wa Ohio kuliko kaka yake kulikunja goti la mjomba wao hapa Misisi. Kenya, ambako si mbali, walitunga sheria ya wataalamu wa viungo 2014 na kuunda baraza la kuwasajili. Mkenya aliyeumizwa anajua mlango wa kubisha. Sisi tukiumizwa tunabisha kanisani.

Usitusome vibaya. Hatuombi kila mwenye mikono miwili aruhusiwe kushika wagonjwa. Kazi hii inaua. Mguu uliovimba baada ya kulala kitandani muda mrefu unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani. Ukiuchua kwa mafuta, bonge linapanda mapafuni na mtu anakufa huku anashukuru. Ukikunja goti kabla mfupa haujashika, unauvunja tena. Kijana wetu hayo anayajua. Mwezi uliopita alikataa kabisa kumgusa mama mmoja mwenye mguu wa namna hiyo, akampeleka hospitali ya Lulimba kwa pikipiki, na familia ikamtukana kwamba ameringa. Lakini sisi kumjua hakutoshi, hilo nakubaliana nawe. Sisi ni wajumbe wa kamati, hatukusomea. Kwa hiyo tunataka apimwe, tena apimwe kwa ukali, na mtu aliyesomea.

Kinachotushinda ni kupimwa kwa namna ambayo mwisho wake haupo. Sheria ya 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu tumesomewa, ni nzuri. Ila ulemavu mwingi wa hapa hauzaliwi, unatengenezwa, na unatengenezwa pole pole, na goti ambalo lingekunjika kwa miezi miwili ya bidoni na mianzi. Heri Kwetu, kituo cha walemavu chenye sifa, kiko Bukavu, ng'ambo ya mstari wa vita. Mwenye mguu mzima haendi. Mwenye magongo ataendaje?

Basi tunaomba hivi. Tumeni mtahini hadi Baraka, ambako kuna hospitali kuu na njia ya ziwa. Aje na kine wa kweli, wakae siku mbili, wamuulize kijana maneno yote ya vitabuni, kisha wampe wagonjwa waitazame mikono yake. Wagonjwa tutawaleta sisi, hatuna uhaba. Mafuta ya pikipiki tutachanga, na mtahini atakula samaki. Na mkiwa huko andikeni jina la kazi yake kwenye ule mstari mtupu wa fomu, pamoja na jina la kine atakayemsimamia, hata kama ni kwa simu kutoka mbali. Akishindwa, mkatazeni asimguse mtu tena, sisi wenyewe tutaing'oa mianzi. Akishinda, mgongeeni muhuri palepale Baraka, kabla haujahama tena.

Wako mtiifu,
Mjumbe wa CODESA, Misisi