Laki na Sitini na Tano kwa Vipande vya Paina

Mimi ni mzaliwa wa Mufindi, na mtu wa Mufindi hatishwi na mbao. Tumekulia chini ya mipaina ya Sao Hill. Matawi yake tumeyapikia ugali, magogo yake tumeyafanya maficho ya kombolela, na usiku tumelala tukisikia malori yakihangaika na gia kwenye mlima, yamejaza mbao za kwenda mjini. Vile vipande vinavyobaki mbao ikishakatwa vilikuwa kwetu sawa na magunzi ya mahindi: hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake bei yake. Ukivihitaji unachukua, na vikikuzidi unambembeleza jirani akusaidie kuviondoa.

Kwa hiyo siku niliyoingia duka moja la vitu vya watoto, pande za Masaki, nikashika boksi lenye vipande 40 vya mbao visivyo na rangi, betri wala muziki, nikaligeuza na kukuta kibandiko cha Sh 165,000, nilidhani ni namba ya stoo.

"Dada," nikamwita muuzaji, "hii ndiyo bei?"

"Ndiyo, kaka."

"Laki na sitini na tano kwa vipande vya paina?"

Akanitazama kwa ule upole wa mtu anayeshinda kwenye kiyoyozi. "Haipungui, kaka. Bei ni hiyo hiyo."

Mke wangu akanivuta shati kwa nyuma. Mtoto wetu alikuwa anatimiza miaka mitatu wiki mbili zijazo, na vipande vya kujengea ndicho kitu pekee alichokuwa akikitaja, akiviita "matofali yangu" kana kwamba tayari viko njiani vinakuja na lori.

Nikiri kwamba upande wa pili wa bei tulikuwa tumeshauonja. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilishuka Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nikatoka na mfuko wa matofali ya plastiki ya kuchomekana kwa Sh 12,000. Nilijiona mjanja mpaka nilipofika nyumbani. Nusu yalikataa kushikana kabisa, mnara ukabomoka kwa kupumuliwa tu. Nusu nyingine yalishikana na kugoma kuachiana. Mawili ya kijani yaliungana siku ile ya kwanza na mpaka leo hayajatengana, pamoja na kutiwa koleo, meno na maji ya moto. Ni ndoa imara kuliko zote mtaani kwetu. Wenyewe Wadenmark wa Lego waliandikisha hataza ya tofali lao tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka huo linachomeka kwenye la leo bila ugomvi. Inasemwa matofali yao sita tu ya vifungo vinane, yenye rangi moja, yanaweza kupangwa kwa namna 915,103,765. Yetu yalikuwa na namna mbili: kugoma kuingia na kugoma kutoka.

Tulipotoka nje ya lile duka la Masaki, juani, nikatamka maneno ambayo mwanamume aliyeoa angeyameza. "Nipe elfu kumi," nilisema. "Nitavitengeneza mwenyewe na chenji utapata."

"Sawa, Mwalimu," mke wangu akajibu. Kwa kawaida huniita Baba kama mtoto anavyoniita. Mwalimu ni jina analoniitia akiona naelekea shimoni na ameamua kutonizuia.

Na kweli mimi ni mwalimu, tena wa hisabati. Usiku ule nilikaa na kalamu nyekundu na karatasi. Vipande 20 vya inchi mbili ni inchi 40. Vipande 20 vya inchi nne ni inchi 80. Jumla inchi 120, yaani futi 10. Mbao ya mbili kwa mbili ina futi 12, hivyo futi mbili zinabaki. Nilipanga kumwachia fundi kama zawadi.

Jumamosi nikapanda bodaboda kutoka Tabata hadi Keko, kwa mafundi seremala. Nilimkuta mzee mmoja amezungukwa na vitanda visivyo na wenyewe, penseli sikioni, maranda yamemfika vifundoni. Akapokea karatasi yangu, akaisoma taratibu kama mtu anayesoma hukumu.

"Ni kitu gani hiki, Mwalimu?"

"Matofali ya mtoto ya kuchezea. Vipande tu. Ni kazi ndogo."

"Vyote viwe sawa?"

"Vyote sawa."

Akanirudishia karatasi. "Nikutengenezee kabati."

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Kabati," akasema, "lina mgongo. Makosa yote ya fundi tunayapeleka mgongoni, tunalisukuma ukutani, kwisha. Meza ikicheza unakunja karatasi unaweka chini ya mguu. Mlango ukibana tunakwambia ni mvua, subiri kiangazi. Sasa hiki kitu chako kina migongo mingapi?"

Tukakubaliana elfu thelathini za ufundi. Bajeti yangu ya elfu kumi ilifia hapo, hata msumeno haujawashwa. Mbao elfu tano, mashine ya randa elfu tatu.

"Nipige randa kwanza ndiyo nikate?" fundi akauliza.

"Utakavyoona," nikajibu, kwa ukarimu wa mtu asiyejua anaulizwa nini.

Mbao ya mbili kwa mbili ni ya mbili kwa mbili inapotoka kwenye msumeno wa kupasulia. Ikipita kwenye randa pande zote nne ili iwe laini, inatoka ikiwa imepungua. Yangu ilitoka ikiwa na inchi moja na robo tatu. Fundi akapima urefu wa inchi mbili kama karatasi ilivyoagiza, akakata, akapima, akakata. Mwalimu ameandika, yeye ni nani abishe? Isitoshe meno ya msumeno nayo hula. Kila mkato ulimeza kama milimita tatu, na kwa mikato 40 hizo ni sentimita 12 za mbao zilizogeuka vumbi na kunitua kichwani. Ncha zote mbili za mbao zilikuwa na ufa, katikati kukawa na vifundo viwili vigumu kama mawe, na vipande viwili vikatoka vimepinda wakati mimi namsimulia fundi habari za Mufindi. Nilirudi nyumbani na vipande 36 kwenye mfuko wa salfeti. Futi mbili za zawadi hazikuonekana.

Sasa msasa. Kipande kimoja kina nyuso sita, kingo 12 na pembe nane. Vipande 36 vina nyuso 216, kingo 432 na pembe 288, na kila moja kati ya hizo ina vibanzi vinavyosubiri kidole cha mtoto wa miaka mitatu. Ukitumia dakika mbili kwa kila uso, ni saa saba na dakika 12, bado kingo. Nilisugua barazani, nikasugua sebuleni umeme ulipokatika, nikavibeba shuleni na kusugua chini ya meza ya ofisi ya walimu. Nilifikiria hata kuwapa kidato cha pili kama adhabu, ila wiki ile hakuna aliyekosea, na kumsingizia mtoto wa watu kwa ajili ya msasa niliona ni dhambi yenye maelezo marefu. Kufikia Alhamisi nilikuwa nimejisugua alama za vidole. Simu yangu ilikataa kidole gumba mara tatu, ikaniomba niandike namba ya siri kama mgeni.

Upakaji nao ukawa kesi. Mimi nilitaka vanishi ing'ae. Mke wangu akauliza kama nimewahi kumwona mwanangu akishika kitu bila kukipeleka mdomoni. Nikakumbuka rimoti. Tukaafikiana mafuta ya alizeti, ya Singida, ya jikoni. Nilivipaka usiku, nikavipanga juu ya gazeti vikauke. Asubuhi havikuwa vimekauka. Vilikuwa vimejipatia gazeti. Kwenye kipande kimoja ungeweza kusoma matokeo ya mpira, kinyumenyume.

Siku ya siku ikafika. Mtoto akapewa mfuko, akatoa tofali la kwanza, akalinusa, akalilamba, akatangaza mbele ya wageni wote: "Chipsi!" Kwa dakika kumi alivilamba kimoja kimoja kwa uadilifu. Kisha akaanza kujenga. Akasimamisha viwili, akaweka kirefu juu yake kama daraja, kirefu kikateleza. Akasimamisha vingine. Daraja likainama upande wa kushoto. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile hata na mkaguzi wa elimu.

Mwalimu wa chekechea wa mtaani kwetu alikuwa miongoni mwa wageni, mama mtu mzima, mpole, anayeweza kukwambia jambo zito huku anakula sambusa. Akachukua vipande viwili vifupi, akavilaza kando ya kimoja kirefu. Vikatoshana. Nikapumua. Akavigeuza robo mzunguko, akavilaza tena. Vikapungua nusu inchi.

"Mwalimu," akasema, "hivi viwili wakati mwingine ni kimoja, na wakati mwingine si kimoja."

Mchemraba wangu haukuwa mchemraba. Ulikuwa na inchi mbili upande mmoja na moja na robo tatu pande zilizobaki, na mtoto wa miaka mitatu hajui atavigeuza upande gani. Mimi ninayeilalamikia Wizara kila Januari kwamba watoto wanafika kidato cha kwanza hawajui nusu na robo, nilikuwa nimemletea mwanangu nusu 36 za uongo.

Yule mama ndiye aliyenifungulia habari za Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 huko Bad Blankenburg, baba wa hizi chekechea zetu. Moja ya zana zake ni mchemraba wa mbao uliogawanywa katika michemraba minane midogo. Mtoto anaubomoa, anaujenga, na mwisho lazima urudi kwenye kisanduku chake ukiwa mzima. Visipolingana haurudi. Baadaye, New York, Caroline Pratt akatengeneza vipande ambavyo unene, upana na urefu wake hufuatana kwa moja, mbili, nne, ndivyo hivyo vinavyotumika katika shule nyingi hadi leo. Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Marekani, alisimulia katika tawasifu yake kwamba mama yake alivutiwa na zana za Fröbel kwenye maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876 akamletea, naye hakuacha kuzishukuru hata uzeeni. Nikamtazama mwanangu na daraja lake. Kama atakuwa msanifu, majengo yake yatasimama kwa upande mmoja tu, na yatanukia chipsi.

Usiku nikafungua picha niliyoipiga kwa siri kule dukani. Haikuwa paina hata kidogo. Boksi liliandikwa beech, mti mgumu wa Ulaya. Paina yangu, ukiiminya kwa ukucha, inabaki na alama kama siagi.

Mke wangu akaomba hesabu ya mwisho. Mbao 5,000. Randa 3,000. Ufundi 30,000. Msasa karatasi nane, 8,000. Bodaboda safari nne (kuna siku nilisahau karatasi), 16,000. Chai na chapati na fundi, 3,500. Plasta ya kidole, 500. Jumla Sh 66,000, bila kazi yangu, bila mafuta yake, bila gazeti.

"Na chenji yangu?" akauliza.

Basi ile Sh 165,000 ni halali? Bado nasema hapana, ila sababu yangu ya kwanza nimeifuta. Nilidhani wananiuzia mbao. Mbao ndani ya boksi lile ni kitu kidogo. Wanauza ule usawa, kwamba kipande cha kwanza na cha arobaini ni ndugu wa tumbo moja vyovyote utakavyovigeuza, na usawa nimeushika kwa mikono yangu miwili, najua unavyokula vidole. Huo ningeulipia elfu tisini bila kununa. Zilizobaki ni meli, ushuru, pango la Masaki na kile kiyoyozi, na sioni kwa nini mwanangu alipie baridi ambayo hata hakwenda kupulizwa nayo.

Vipande vyangu havikupotea bure. Kimoja kinazuia mlango wa jikoni, viwili viko chini ya jokofu, ambalo kwa mara ya kwanza tangu tuhamie limesimama wima. Jirani anaazima viwili kuzuia tairi la Noah yake. Vilivyobaki mtoto amevigawa mwenyewe, bila futi wala mwalimu: vinavyolingana anavijengea, visivyolingana amesema ni ng'ombe.

Juzi fundi wa Keko akanipigia. Anasema kazi yangu ilimnyima usingizi. Amegongomea kibao mezani pa msumeno ili kila kipande kigote palepale, sasa anakata vya mkongo, anapiga randa kwanza, anapima unene ndipo anapanga urefu. Amevipangua na kuvipanga, vimetoshana pande zote. Mteja mmoja wa vitanda ameviona, anavitaka kwa mjukuu wake.

"Sasa Mwalimu," akasema, "wewe ndiye mtu wa hesabu. Boksi la vipande 40 nimwambie shilingi ngapi?"

Nikafikiria nyuso 240. Nikafikiria kidole changu gumba.

"Laki moja na ishirini," nikasema.

Kukawa kimya. Nyuma yake niliusikia msumeno unazimika, kisha sauti yake ikarudi, ya chini, imejaa mshangao.

"Kwa vipande vya mbao, Mwalimu?"