Beni Hailazi Kofia Chini

Ulaya mpiga gitaa husimama kona, kofia chini, na wapita njia humtupia sarafu bila hata kumtazama usoni. Unguja ustaarabu huo hatuuwezi. Beni, ngoma yetu ya matarumbeta, ikipita mtaani Amani kuelekea harusini, shughuli za mtaa zimesimama: matarumbeta mbele, ngoma katikati, akina mama wamejaa barabara kwa kanga za sare, na nyuma yao dereva wa daladala anapiga honi akidhani atasikika.

Jina la beni tulilitoa kwenye bendi ya Waingereza. Miaka ya 1890 watu wa Lamu na Mombasa walilitazama gwaride la mzungu wakaona limepungukiwa kitu kimoja tu: kiuno. Wakakitia. Wakajipa na vyeo, huyu kingi, yule jenerali, mpaka mkoloni hajui acheke au aandike ripoti. Akaandika ripoti. Mwanahistoria Terence Ranger naye akaja kuandika kitabu kizima, 1975.

Pale Uwanja wa Amaan, askari wakipuliza tarumbeta tunasimama wima, mikono ubavuni, kama tumemeza mwiko. Likilia uchochoroni jioni, wima huo hauonekani tena.

Na malipo? Huku watu hutunza. Noti hupeperushwa juu kwanza, ikazungushwa taratibu majirani waisome, ndipo ikabandikwa kwenye paji la mpigaji. Bibi mwenye noti ya elfu kumi hanyanyuki kitini mpaka ahakikishe wifi yake ameshawasha simu.