Mita Moja ya Ukuta

Kufyonya nilifundishwa Maskati. Kwetu Ufilipino mtu akichoshwa na jambo hugonga ulimi kidogo tu, akavuta pumzi, akasema "Hay naku", basi. Lakini bibi wa nyumba niliyofanyia kazi, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Omani na Kiswahili chake chote, alikuwa akisikiliza taarifa ya habari kwa mfyonyo. Mfyuuu! Unaanzia sebuleni, unaishia jikoni kwangu. Kiswahili hiki ni chake, na cha dada wa Tanga niliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu. Sasa nimerudi Marikina, upande wa mashariki wa jiji la Manila, nina miaka 28, na mfyonyo nimerudi nao.

Nautumia kijiweni. Ndiyo, vijiwe tunavyo. Chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la Nanay, yaani Mama, kama tunavyomwita mtaa mzima. Duka lenyewe ni dirisha la sebule yake lililotiwa wavu wa chuma, na bidhaa zinaning'inia nyuma ya wavu kama mikufu ya ushanga: shampuu ya pakiti moja, kahawa ya kikombe kimoja, siki iliyofungwa kwenye kimfuko cha nailoni. Sigara inauzwa moja, kitunguu saumu kinauzwa punje. Mliozoea mafuta ya kupima mnanielewa. Mtu anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na Julai 2025 kima cha chini hapa jijini kiliwekwa kuwa peso 695 kutwa. Nanay ana daftari la madeni lenye jalada la katuni, na humo ndani mimi nina ukurasa wangu.

Hebu niwaoneshe ukuta wa duka hilo. Kushoto kwa wavu kuna mistari miwili ya rangi ya mafuta. Wa chini umeandikwa 2009, wa juu 2020, na kati yake kuna kama nusu mita. Wa juu siugusi hata nikichuchumia. Hapo ndipo maji ya mto yalipofika.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 12. Tarehe 26 Septemba, tufani tuliyoiita Ondoy ilimwaga milimita 455 za mvua ndani ya saa 24, na mto Marikina ukapanda mpaka mita 21.5. Baba alikuwa fundi viatu. Marikina ndiyo mji wa viatu wa nchi yetu, kila uchochoro ulikuwa na harufu ya gundi. Jumba la makumbusho ya viatu lililo hapa kwetu linahifadhi mamia ya jozi za Imelda Marcos, mama wa rais wetu wa sasa. Baba alizoea kutupeleka pale kutuonesha mshono wa visigino. Siku ile ya Ondoy tulikuwa juu ya bati, na kutoka juu nikaona kalibu zake zikitoka mlangoni, yale magogo yaliyochongwa umbo la mguu ambayo kiatu hushonewa juu yake. Yalielea mawili mawili, kulia na kushoto, yakazunguka kidogo barazani, yakachukuliwa. Baba hakusema neno. Karakana hakuifungua tena. Akaanza kuendesha pikipiki ya bodi, ile yenye kiti cha abiria ubavuni, na mpaka leo akiona kiatu kizuri hukipindua kwanza aone soli.

Novemba 2020 ikaja tufani ya Ulysses, mto ukafika mita 22. Tukapanda bati lilelile. Mchana wa siku ya pili ikapita mashua ya waokoaji, ndani yake mpiga picha. Mimi nilikuwa nimekumbatia sufuria ya wali, nikatabasamu. Picha ikasambaa, na chini yake maneno ya kutusifu: tazameni Wafilipino, hata katikati ya mafuriko wanacheka, hakuna watu wastahimilivu kama hawa.

Mfyuuu!

Nilitabasamu kwa sababu niliona kamera. Mtu akikuelekezea kamera, unatabasamu. Nilikuwa na njaa, nilikuwa nimejikojolea usiku kwa baridi na hofu, na mama alikuwa na homa. Sifa ile ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mnajua sifa inavyofanya kazi? Ukishaambiwa wewe ni hodari wa kuvumilia, hakuna tena anayeuliza nani alikuweka pale pa kuvumilia. Na ukilalamika, unaonekana umeivunjia heshima picha yako mwenyewe.

Kila mwaka tufani karibu 20 huingia kwenye bahari yetu. Hizo ni za Mungu. Ila fedha za kujenga kingo za mito zinatoka kwetu, kila pakiti ya shampuu ina kodi yake, na mwaka 2025 tukaanza kuambiwa zilikokwenda. Tarehe 28 Julai Rais Ferdinand Marcos Mdogo alisimama mbele ya Bunge, akawaambia waliokula fedha za mafuriko waone haya. Wiki mbili baadaye akatoa hesabu: tangu alipoingia madarakani 2022, miradi 9,855 ya kuzuia mafuriko, zaidi ya peso bilioni 545. Makandarasi wenye leseni ni zaidi ya 2,000, lakini 15 peke yao walibeba karibu moja ya tano ya fedha zote.

Bilioni haiingii kichwani, nakubali. Mimi iliyoniingia ni ya Baliuag, mji wa mkoa wa Bulacan, kaskazini yetu. Pale kwenye makaratasi kulikuwa na ukuta wa zege kando ya mto, urefu mita 220, umelipiwa zaidi ya peso milioni 55, umekamilika asilimia 100. Tarehe 20 Agosti rais akaenda kuutazama. Hakukuta hata tofali moja.

Jioni ile kijiweni tulichana boksi la sigara tukapiga hesabu nyuma yake. Milioni 55 kwa mita 220 ni peso 250,000 kwa mita. Gawanya kwa 695. Inakuja siku 360. Kaka mmoja anayefanya kazi ya kubeba mizigo sokoni akainuka, akapiga hatua moja ndefu uchochoroni, akachora mstari kwa ndara kwenye vumbi, akachora mwingine. "Hii hapa," akasema, "ndiyo mimi mwaka mzima, bila kupumzika hata Jumapili." Hakuna aliyecheka. Watoto waliokuwa wakicheza pale waliuruka ule mstari mpaka giza likaingia.

Ndiyo maana Septemba 21 mwaka huo nilikwenda kuandamana. Tarehe hiyo kwetu ina uzito, ndiyo ya sheria ya kijeshi ya Marcos baba, mwaka 1972. Asubuhi watu walikusanyika kwenye bustani ya Luneta, mchana wengine kwenye barabara ya EDSA, penye mnara wa umma uliomng'oa Marcos huyohuyo mwaka 1986. Luneta palikuwa na makumi ya maelfu: masista wa kanisa, wanafunzi, madereva wa jeepney (daladala zetu), vijana wenye bendera nyeusi ya fuvu lenye kofia ya majani, ile ya katuni ya Kijapani. Mimi nilivaa mabuti ya mpira ya baba. Mzee mmoja alibeba mlango. Mlango mzima wa mbao, mgongoni, wenye alama ya matope usawa wa kifua. Nikamuuliza kwa nini asiandike bango. Akaniambia, mwanangu, huu umeshaandikwa.

Jioni upande wa mtaa wa Mendiola vijana wakakabana na polisi, mawe na moto, na wengi wakakamatwa. Kijiweni wazee waliwalaani. Mimi sikushabikia mawe, lakini siwezi kujifanya sijui hasira ile inatoka wapi. Mtoto aliyezaliwa 2009 sasa anaota ndevu, na maisha yake yote ameyahesabu kwa mafuriko.

Mtaniambia hayo ni maneno ya watu wa kukaa bure. Tumeshaambiwa. Neno letu la mtu wa kijiweni ni tambay, tumelifinyanga kutoka Kiingereza cha Wamarekani, na asili yake ni mtu aliye tayari akisubiri kuitwa. Juni 2018 rais wa wakati huo, Duterte, aliwaamuru polisi wawaondoe watu wa kijiweni barabarani, na kwa siku chache wakazoa maelfu: kosa ni kunywa nje, kosa ni kukaa kifua wazi. Jirani yangu alilala selo usiku mmoja kwa kukaa bila shati mlangoni kwake, mwezi wa joto, chumba chake kina bati la kichwani na hakina dirisha. Duterte mwenyewe alipelekwa mahakama ya kimataifa ya The Hague Machi 2025, akikabiliwa na mashtaka ya mauaji ya vita vyake vya dawa za kulevya. Hilo likitajwa kwenye benchi letu watu wanaangalia pembeni. Kuna waliopoteza watoto, kuna waliompenda na bado wanampenda, na wote wanakopa kwenye daftari moja. Nanay huongeza sauti ya redio.

Asiyekaa kijiweni anakwenda wapi? Nje. Tangu Sheria ya Kazi ya 1974, kupeleka watu ughaibuni ni mpango wa serikali, na siku hizi tuna wizara nzima kwa ajili hiyo. Mwaka 2024 waliotoka walirudisha nyumbani zaidi ya dola bilioni 38. Wanatuita mashujaa. Sifa nyingine hiyo! Uwanja wa ndege una foleni ya mashujaa, na kila shujaa ana bahasha ya plastiki yenye nyaraka na jicho jekundu la kulia usiku kucha.

Nilikimbia mto Marikina katikati ya 2021, na Oktoba tufani ya Shaheen ikanikuta Omani. Maji yalipoanza kupita chini ya mlango nilipandisha mazulia juu ya meza kabla sijaambiwa. Bibi akanitazama, akaniuliza, "We mtoto, umejifunza wapi hayo?" Dada wa Tanga aliwahi kuishi Dar es Salaam. Akasema huko bonde la Jangwani, mto Msimbazi ukifurika, watu hufanya hivyohivyo: godoro juu ya kabati, watoto juu ya godoro. Tukatazamana. Tulikuwa tunapata mishahara tofauti kwa kazi moja, kwa sababu ya rangi ya pasipoti. Serikali yangu iliweka kima cha dola 400 kwa wafanyakazi wa ndani mwaka 2006, na yeye alikuwa akipata chini ya hapo. Nilijua, na sikupata la kumwambia. Siku aliyoondoka alinipa kanga yake ya kisutu. Ipo hapa, imening'inia mlangoni mwangu pale pazia lilipooza.

Nilirudi kwa sababu nimechoka kuipenda nchi yangu kwa simu. Wenzangu wananiona mjinga. Jeepney zinazidi kupungua barabarani, kazi niliyopata ni ya kujibu simu za Wamarekani usiku. Lakini saa kumi na mbili asubuhi nikitoka kazini napita kwa Nanay, nachukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wangu, hiyo ndiyo shikamoo yetu, naye ananipa mkate wa moto wa pandesal kabla sijauliza. Sitaki kusifiwa kwa kuvumilia. Nataka ukuta. Mita 220 za zege, zenye nondo ndani, ambazo mtu anaweza kuzipiga teke na kuumia.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku mbili. Hapa mtoni ving'ora hulia mto ukifika mita 15, ukifika 16 watu huanza kuondoka, ukifika 18 huondolewa kwa lazima. Benchi zima lilikuwa limeinamia simu, tunasoma kina cha maji kama watu wanavyosoma matokeo ya mpira. Kumi na tatu nukta nane. Kumi na nne nukta moja. Nanay alikuwa tayari ameshapandisha magunia ya mchele rafu ya juu, peke yake, na ana miaka 67. Kisha mvua ikakatika, mto ukashuka.

Kwetu Krismasi huanza Septemba, kwa hiyo taa za nyota zimeshatundikwa, na Nanay amenunua kopo la rangi ya kijani kupaka duka. Jumapili nilimsaidia. Nilipofika kushoto kwa wavu, brashi mkononi, alitoka nje akasimama kati yangu na ukuta. Akaniambia nipake juu ya mstari, nipake chini ya mstari, mistari yenyewe nisiiguse mpaka atakapouona huo ukuta wa mtoni kwa macho yake. Nikakata karatasi za gazeti, nikazibandika juu ya mistari kwa selotepu, nikapaka taratibu kuizunguka.