Koti la Maneno Hamsini

Leicester, Novemba 2025

Mjomba,

Mama ameshawatangazia wanakwaya wenzake kuwa nimepata kazi ya uandishi Uingereza. Naomba umtulize. Nimeomba tu.

Kuna kampuni inauza nguo kwenye intaneti. Kila nguo ina picha, na chini ya picha kuna maneno. Mimi nilidhani yale maneno huja na nguo, kama vifungo. Kumbe yana mtu wake. Tangazo lilisema ni kazi ya anayeanza, halafu likadai uzoefu wa miaka 2. Mshahara ni kima cha chini cha hapa, pauni 12.21 kwa saa. Hilo baki nalo wewe, maana nawajua watu wa kwetu Kawajense kwa kadi za michango.

Kwenye barua ya maombi nilijieleza kwa kirefu. Nikataja hadithi yangu ya kiboko wa mto Katuma. Nikaongeza kwamba hata Salman Rushdie aliandika matangazo ya biashara London kabla hajachukua tuzo ya Booker mwaka 1981. (Nilitaka kumtaja na Gurnah wetu wa Zanzibar, wa Nobel ya 2021, ila yeye alianzia uhudumu wa hospitali, nikaona hapo makoti hayauziki.) Dada wa ofisini akapiga simu: huyo Rushdie ndiye mdhamini wako? Tunampataje?

Wakanipa jaribio. Koti la mvua, la kiume, maneno 50.

Mjomba, nilikesha. Nikaandika 340. Nilianza na treni ya Kaliua inaingia Mpanda usiku, mvua inapiga mabati ya stesheni, bibi kakumbatia ndoo yake ya asali. Koti lilitokea mwisho kabisa, na aliyelivaa akafa. Niliposoma mwenyewe machozi yalinilengalenga.

Jibu lilikuja saa nne asubuhi: “Umeandika vizuri sana. Je, koti lina mifuko?”

Nikarudia kusoma yote. Mfuko hakuna. Bibi yangu hela alizifunga kwenye pindo la kanga, angetaka mfuko wa nini?

Wakanipa nafasi nyingine, na hapo ndipo nilipokukumbuka. Jua la Oktoba, wewe umesimama juu ya meza yako ya mitumba, umevaa makoti matatu, jasho linakutiririka: “Zipu nzima! Mifuko minne! Huu wa ndani, hata mke haujui!” Watu wanacheka huku wanahesabu noti. Na mimi, mpwa wako msomi, nimejibanza nyuma ya belo na riwaya yangu, naomba Mungu wanafunzi wenzangu wasipite. Nisamehe, mjomba. Niliona ni kelele. Sasa nimekaa nikazihesabu: maneno kumi, na ndani yake kuna ubora wa zipu, idadi ya mifuko, matumizi, na mteja ameshacheka. Huku watu wanalipia kozi kujifunza hayo.

Basi nikakutafsiri. Zipu, mifuko, kitambaa kisichopitisha maji, namna ya kufua. Mke wakamfuta, wakasema ataleta malalamiko, ila mfuko wake umebaki.

Wameniita usaili wa pili Alhamisi. Nimeambiwa watanipa nguo papo hapo, dakika kumi kila moja, nami sina akiba: makoti nimeshayatumia. Kwa hiyo Jumapili ukifungua belo, mpe mtoto mmoja simu akurekodi. Usijirekebishe kwa sababu ya simu, piga kelele zako kama kawaida. Nahitaji zaidi magauni na sweta za watoto. Na kama kuna zile suruali za kamba kiunoni ambazo hazitoki, nirekodie unavyozisema mpaka zinatoka.

Mpwa wako.