Anayekula Betri Usiku: Mwongozo wa Kumvizia

Gari umeliegesha Ijumaa jioni likiwa zima kabisa. Jumatatu asubuhi unazungusha ufunguo, linajibu "tk" basi. Majirani wanatoka kusukuma, wanaambiwa ni otomatiki, haisukumiki, wanarudi ndani. Anatafutwa mwenye waya za kubusti. Wiki inayofuata, vilevile. Mwisho fundi anakata kauli: "Bosi, betri imekufa hiyo, chukua mpya."

Usichukue bado. Mara nyingi betri ndiyo iliyoibiwa, na mwizi yumo humo humo garini. Ukiweka mpya, umemwongezea chakula. Ninachokuomba ni kupima kabla ya kutoa hela. Tafuta mita ya kupimia umeme (hata ile ya bei nafuu ya dukani, ila iwe na tundu la ampia 10), spana namba 10, bisibisi na kiti cha plastiki. Kiti ni muhimu, utaona.

Anza kwa kumsikiliza mlalamikaji. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikishapumzika saa kadhaa, husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, ikifika 11.9, haina kitu. Washa injini upime tena: inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa haipandi, altaneta haichaji, na hapo hakuna wizi, kuna njaa. Ikichaji vizuri, jaza betri, toa taminali ya negativu na uiache ilale peke yake. Ikiamka imeshuka sana bila kuunganishwa na chochote, basi ni mgonjwa kweli, na fundi alisema haki.

Kwa wanaokaa pwani kuna kipimo kimoja zaidi. Gusa nguzo ya betri kwa waya mmoja wa mita, na huo mwingine uburuze juu ya plastiki ya betri yenyewe. Mita ikionyesha volti, umeme unatambaa juu ya vumbi na unyevu wenye chumvi kutoka nguzo moja hadi nyingine. Pangusa kwa kitambaa chenye maji ya magadi, usiruhusu maji hayo yaingie kwenye vifuniko, kisha kausha.

Sasa mtego. Zima kila kitu, fungua boneti, shusha kioo cha dereva usije ukajifungia nje. Mlango utakaouhitaji uache wazi, lakini sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ulie "kacha", ili gari liamini mlango umefungwa. (Ukimaliza, vuta kitasa kwanza ndipo uufunge.) Ufunguo wa rimoti upeleke ndani ya nyumba, mbali. Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampia 10, legeza taminali ya negativu, na uiweke mita katikati ya taminali na nguzo yake, umeme wote upite humo. Tunashika negativu kwa sababu spana ikigusa bodi ukiwa unalegeza positivu, cheche zake utazikumbuka. Tangu hapo usijaribu kuwasha gari, la sivyo utaunguza mita.

Namba ya kwanza itakutisha: ampia 2, pengine 3. Kaa kwenye kiti. Kompyuta za gari zimeshtuka, na huchukua dakika 20, wakati mwingine saa nzima, kulala tena. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu mtu anaona namba kubwa, anaanza kung'oa fyuzi ovyo, na kila akigusa kitu gari linaamka upya. Mwache mwizi aamini watu wamelala. Kunywa chai huku ukitazama namba zikishuka kwa ngazi: 2.1, halafu 0.6, halafu 0.2, mpaka zisimame.

Zikisimama kati ya 0.02 na 0.05, yaani miliampia 20 hadi 50, gari lako ni safi. Hiyo ni posho ya saa, alamu na kumbukumbu ya redio. Kwa miliampia 50, betri ya ampia-saa 45 hukaa zaidi ya wiki mbili kabla ya kufika nusu. Lakini kiglopu cha wati 5 kwenye buti, ambacho swichi yake imekwama, hula ampia 0.4. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 60, karibu ampia-saa 25 zimekwenda! Huyu unamkamata kwa simu: iache ikirekodi video ndani ya buti, funga, kisha tazama kama giza liliingia.

Mita ikiendelea kukaa juu ya 0.05, nenda kwenye fyuzi. Wengi hung'oa moja moja mpaka namba ianguke. Mimi napenda njia isiyoamsha gari: rudisha taminali, waya mwekundu urudi tundu la volti (ukiusahau kwenye la ampia utapiga shoti), weka mita kwenye milivolti, subiri gari lilale, kisha gusa vile vidoa viwili vya chuma juu ya kila fyuzi. Palipo sifuri hapapiti kitu. Panaposoma hata milivolti chache, kuna anayekula.

Watuhumiwa wanajulikana. IST, Noah na Probox zetu nyingi zimekuja zimetumika, na kila fundi aliyezipitia ameongeza la kwake: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, kamera ya dashibodi. Mkubwa wao ni redio ya skrini ambayo waya wake wa njano, wenye umeme muda wote, umeunganishwa pamoja na mwekundu unaopaswa kufuata ufunguo. Redio hiyo hailali kamwe. Rilei iliyonata nayo imo.

Fyuzi ndogo zote zikiwa safi, mshuku altaneta, maana waya wake mkubwa haupiti humo. Alfajiri, injini ikiwa baridi, iguse. Ikiwa na uvuguvugu, diodi yake inavujisha umeme.

Mpelekee fundi namba ya fyuzi uliyoipata, na akishatengeneza mpime tena pamoja. Betri iliyolala tupu mara nyingi huganda salfeti kwenye sahani zake, kwa hiyo ijaze polepole kwa chaja, ampia chache, usiku kucha, badala ya kuitwisha altaneta. Itoe, ilale bila taminali, pima asubuhi. Ikiwa chini ya 12.4, sasa nunua mpya.