Barua ya Wazi kwa LATRA: Bado Mmoja, Twende

Kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini,

YAH: OMBI LA KUSAJILI "BADO MMOJA" KUWA KIPIMO RASMI CHA MUDA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi abiria wa njia ya Korogwe–Handeni hatujambo, isipokuwa magoti. Tunakuandikia tukiwa tumekwisha kukaa garini na gari liko stendi, hivyo utatusamehe kwa urefu wa barua. Nafasi ya kuandika tunayo.

Kwanza, pongezi. Tangu Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 ikuzae na kumzika mtangulizi wako, Sumatra, umekuwa makini hadi kwenye senti. Mwaka 2023 ulipanga nauli ya basi la daraja la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita. Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65. Ukizidisha unapata shilingi 3,150 na senti 55. Hizo senti konda hutusamehe. Ni mtu mwenye huruma.

Pongezi ya pili ni kwa vile vifaa vya kufuatilia mwendo ulivyoyafungia mabasi ya masafa marefu. Basi la Arusha likipita Korogwe kwa pupa, habari inakufikia ukiwa ofisini kwako. Gari letu halijawahi kukusumbua hivyo. Kwa sehemu kubwa ya asubuhi mwendo wake ni sifuri, na hakuna chombo cha moto kilicho salama kuliko kisichoondoka.

Mpiga debe anaapa kwamba bado mmoja. Huyo mmoja akipatikana, hubaki mwingine mmoja. Mbele yetu wamekaa vijana wanne watulivu, wasio na mzigo wala haraka. Hao ni abiria wa kuazima: wamewekwa ili gari lionekane limejaa, nasi tukiingia wanashuka mmoja mmoja kama waliokumbuka jambo nyumbani. Dereva naye anawasha injini, anasogea hatua kumi mbele, anarudi kumi nyuma. Mama anayetoka Handeni, mwenye miadi ya kliniki katika Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, naye huo ndio usafiri wake: ameamka alfajiri kuja kutikiswa palepale.

Sasa tupige hesabu kwa kiwango chako mwenyewe. Gari likitembea kilomita 60 kwa saa, kilomita moja ni dakika moja. Kwa hiyo dakika ya abiria nayo ina thamani ya shilingi 48.47. Tukikaa stendi dakika 65, nauli ya Handeni imekwisha kulipwa kwa jasho, na gari halijatoka getini. Tukikaa dakika 130, konda ndiye anayedaiwa. Tunaomba utuelekeze: stakabadhi ya deni hilo anaitoa nani?

Hatumlaumu dereva peke yake. Jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake kamili, mafuta hayakopeshwi, na dereva akiondoka na watu watano atakuwa amewabeba sadaka. Ndiyo maana hata tukiondoka, tukifika katikati ya njia na gari limebaki na watatu, tunafaulishwa kwenye gari jingine kama viroba vya mahindi. Lami ilipokuja iliifupisha safari. Kusubiri kumebaki na urefu wake wa zamani. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, na treni, pamoja na ubaya wote wa mkoloni aliyeileta, ilikuwa na saa ya kuondoka. Sisi tuna kujaa.

Ndipo watu wanapokimbilia michomoko, yale magari ya watu binafsi yasiyo na kibali, na bodaboda zinazopakia mishikaki ya watu watatu. Sheria unaijua: pikipiki ni abiria mmoja. Abiria naye anaijua. Lakini bodaboda ina fadhila moja ambayo gari lenye kibali halina: ukipanda, inaondoka. Unaifukuza michomoko barabarani kila siku, ilhali mama yao mzazi ameketi stendi, na jina lake ni Kusubiri.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya:

1. "Bado mmoja" isajiliwe, ijulikane ni sawa na dakika ngapi.

2. Ufungwe mtambo unaopiga kelele gari likizidisha kusimama, kama ule unaoshtaki likizidisha mbio.

3. Abiria wa kuazima wapewe mikataba na pensheni. Wanafanya kazi kuliko injini.

Haya matatu yakikushinda, kuna la nne, nalo halina mzaha. Magari ya njia hii yapangiwe zamu, na saa ya kuondoka ibandikwe ukutani stendi. Gari la zamu liondoke saa ikifika, hata kama siti nne ziko wazi, na wenye magari wa njia hiyo wagawane hasara ya siti hizo kupitia chama chao. Uanze na gari la kwanza la alfajiri na la mwisho la jioni, kwa sababu hayo ndiyo yanayobeba mgonjwa na mwanafunzi. Uliyeweza kuipima kilomita hadi senti 47, saa ya ukutani haiwezi kukushinda.

Ni sisi,
Abiria, Korogwe–Handeni

Nakala kwa:
Halmashauri ya Mji Korogwe na Halmashauri ya Mji Handeni, wenye stendi;
Matajiri wa magari, wenye hesabu;
Abiria wa kuazima, wenye nafasi ya kusoma.