Mhadhara Mkuu Kuhusu Tundu la Chaja Linalocheza

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, na nyinyi mliofuata soda:

Sikuombwa kuzungumza. Lakini mngejua ninachokijua, mngeniomba. Mimi ndiye bingwa wa tundu la chaja la laptopu kuukuu. Cheti sina, kwa kuwa mwenye uwezo wa kunitahini hajazaliwa.

Tuanze na dalili. Mashine inachaji waya ukilala upande wa kushoto. Ukipiga chafya, inakata. Mjinga atanunua chaja mpya. Msomi hupima. Shika plagi isicheze, kisha kunja waya: taa ya kuchaji ikizima, waya umekatika ndani. Sasa uache waya, isukume plagi yenyewe: taa ikizima, mgonjwa ni tundu. Andikeni hilo.

Sababu? Mara nyingi miguu ya tundu imelehemiwa kwenye mazabodi. Kila mtoto akijikwaa kwenye waya, plagi inageuka mtaimbo, na lehemu inapata ufa. Hapo umeme wa volti 19 na ampia zaidi ya 3 unalazimika kupita kwenye upenyo: cheche, joto, harufu.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni ya mafundi, nayo ni ya kinyonge. Zima, chomoa chaja, toa betri, fungua skrubu zote, uzipange kwa mfuatano wake. Kama tundu lina waya wake na soketi, unachomoa bovu unachomeka zima, moto hauhitajiki. Kama limelehemiwa kwenye bodi, unayeyusha lehemu ya zamani na kutia mpya. Ile ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Isiyo na risasi, iliyoenea Umoja wa Ulaya ulipobana sheria Julai 2006, hudai kama nyuzi 217. Ndiyo maana chuma dhaifu cha kulehemu hubabua bodi bila kuyeyusha kitu. Fundi wa Kariakoo huimaliza kazi hii akipiga soga. Ndugu zangu, jambo linalofanyika kwa soga ni elimu kweli?

Tiba ya pili ni yangu: Nadharia ya Egemezo. Kiberiti chini ya plagi, kamusi juu ya waya, raba ya kufungia noti kuzunguka vyote. Kiberiti kiwe kimejaa njiti, kitupu hubonyea. Usitumie gundi, maana gundi ikishika, utafiti umekwisha.

Wapinzani wangu wanauliza kwa nini plastiki ya tundu imegeuka kahawia. Hiyo ni rangi ya ukomavu. Mama watoto, mtu mwenye akili katika mambo mengine, aliuliza kwa nini hakuna ruhusa ya kutembea sebuleni ninapochaji. Nilimjibu kwamba sayansi ina gharama. Akaniuliza kama inazidi bei ya tundu jipya. Sikumjibu, kwani lilikuwa swali la kibiashara, nami si mfanyabiashara.

Mhadhara ujao utahusu bawaba ya skrini iliyokatika, na namna ya kuchagua ukuta wa kuiegemezea. Maswali yanakaribishwa, isipokuwa kutoka kwa mafundi. Na makofi pigeni taratibu, tafadhali. Laptopu ya slaidi inachaji.